Baba Yuko Wapi Kwenye Wimbo?

Baba yangu aliwahi kupiga gitaa la besi kwenye bendi ya benga ambayo haikuvuma. Kilichobaki ni kanda moja, nami niliihamishia kwenye simu kabla haijaharibika kabisa. Kwa hiyo nilipomaliza kuunda spika zangu, nilishajua nani atakuja kuzisikiliza.

Spika zangu ni za koni moja. Kila sanduku lina spika moja tu ya inchi 4, inayobeba kila kitu kutoka besi hadi matoazi. Nyingi za madukani kule Luthuli Avenue hugawana kazi: wufa inashika sauti nzito, twita inashika nyembamba, na saketi ya krosova inaamua nani aimbe nini. Mara nyingi mpaka huwekwa kati ya mitetemo 2,000 na 3,000 kwa sekunde, karibu na pale sikio letu lilipo kali zaidi. Neno moja la mwimbaji linaweza kutoka kwa vinywa viwili.

Koni moja haina mgawanyo huo. Ukikaa katikati ya masanduku mawili, mwimbaji anasimama mbele yako, unamsikia hadi akivuta pumzi. Manze, usiku wa kwanza sikulala. Niliamini nimepata spika isiyodanganya.

Ila lazima ukae hapo hapo. Ukisogea pembeni, sauti nyembamba zinafifia, maana koni inazielekeza mbele kama tochi. Ukiongeza sauti, koni inayohangaika na besi inamtikisa mwimbaji pia. Na kila unaposhuka oktavu moja, ukitaka sauti ibaki kubwa vilevile, koni lazima isogee mara 4 ya mwanzo. Yangu huishiwa nguvu chini ya mitetemo 100 hivi. Uzi mzito kabisa wa gitaa la besi hutetema mara 41.

Baba alikuja Jumapili. Nikampa kiti changu cha pekee, nikacheza ile kanda. Magitaa yalipoingia alitabasamu. Mwimbaji alipoanza, akafumba macho. Kisha akainamisha kichwa, kama mtu anayetafuta funguo.

"Mimi niko wapi?"

Nikamweleza kwamba vipande vya juu vya kila noti vinasikika, na ubongo hujaza ule uzito wa chini. "Uko, Baba. Ubongo unakukisia."

"Nilipiga miaka yote hiyo nije kukisiwa?"

Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniuma. Nilikuwa tayari kujitetea kwamba spika yangu haiongezi chochote. Lakini shahidi anayesimulia yote kwa usahihi, akaruka jina lako tu, amesema kweli? Redio ya Baba nyumbani ina wufa kubwa. Kwayo anasikika hadi mabati yanatetemeka, ila mwimbaji anakuwa kama yuko ndani ya pipa. Pale pia kuna mtu amedhulumiwa. Rahisi kusema kila spika ina kasoro zake. Siridhiki na jibu hilo, kwa sababu kuchagua kasoro ni kuchagua nani afutwe, na mimi nilichagua bila kumuuliza mtu. Napenda maneno, basi nikaunda spika ya maneno. Kanda hiyo nimeisikiliza mara nyingi ajabu, na sijawahi kugundua kwamba Baba hayumo.

Kuna njia ya bomba refu lililokunjwa ndani ya sanduku ili kusaidia besi. Wimbi la mitetemo 41 lina urefu wa mita 8 na kidogo, na bomba linahitaji robo yake, yaani zaidi ya mita 2. Chumba changu ni futi 10 kwa 10. Au niongeze wufa moja, ishike chini ya 100 tu, mbali na sehemu kubwa ya sauti ya mwimbaji. Wapenzi wa koni moja watasema nimeharibu kazi, na kweli nitakuwa nimerudisha krosova kupitia mlango wa nyuma.

Sikio halitambui vizuri besi ya chini hivyo inatoka upande gani, kwa hiyo wufa inaweza kukaa popote. Baba anataka ikae chini ya kiti chake.