Panapovuja

Umewahi kupalia wali, mfuniko ukakaa upande? Mkaa unawaka, mvuke unatoka. Mkaa unawaka, mvuke unatoka. Wali unabaki na kiini.

Injini nayo ni hivyo hivyo. Pale chuma kinapokutana na chuma, fundi huweka gasketi, kipande chembamba kama jalada la daftari. Ikiungua tu, unasikia fyuu, nguvu inapotelea pembeni.

Huko Cleveland, Marekani, miaka ya 1960, kijana Joe Hrudka alikuwa akishindana kwa gari lake la Chevrolet, katika zile mbio fupi za njia iliyonyooka. Gasketi za dukani zikawa zinamwangusha. Akatengeneza zake, za kuhimili moto wa mashindano. Wenzake wakazitaka. Akawauzia. Ikazaliwa kampuni ya Mr. Gasket, jina wanalolijua wapenda mbio wa kwao hadi leo.

Ninachokipenda kwake ni kule kuinama. Kuinama kwenye grisi, akatazama panapovuja.

Leo ukifungua duka, ukikaa kwenye cherehani, ukishika chaki: mvuke wako unatokea wapi?