Roshani Yangu na Jicho la Jirani



Swali ninalotaka tulifikirie pamoja linaonekana dogo: je, Muislamu anaweza kuipamba nyumba yake kwa alama za uchawi na uganga ikiwa yeye mwenyewe haviamini vitu hivyo? Sikulipata swali hili darasani. Nililipata kwenye roshani ya chumba changu, na kwa muda wa miezi miwili nilidhani jibu lake ninalo.

Ninapanga hapa Kampala, ghorofa ya tatu, pamoja na dada mmoja tuliyetoka naye Buyenzi, Bujumbura. Roshani yetu ni hatua tatu kwa mbili. Ilikuwa mahali pa ndoo, jiko la mkaa na kamba ya nguo. Muhula uliopita tuliamua kuifanya mahali pa kukaa jioni baada ya Magharibi. Katika simu tulikuwa tumeona mtindo unaopendwa sana na vijana wa Ulaya na Marekani, wa kupamba roshani ndogo ionekane kama makao ya mchawi wa hadithi za kale: pazia jeusi, mishumaa, mawe ya kung'aa, miezi na nyota, majani makavu yaliyofungwa mafungu na kuning'inizwa. Tulipenda utulivu wake. Ilionekana kama mahali ambapo mtu angeweza kusahau mitihani.

Basi tukaenda Owino, tukatafuta. Kitambaa cheusi tulikipata katika marundo ya mitumba. Taa ndogo za betri tulizipata kwa wachuuzi. Tukanunua vibuyu viwili vidogo, tukavitoboa matundu na kuweka taa ndani. Tukatundika mafungu ya mchaichai na mrehani. Mwenzangu akasuka ule wavu wa duara wenye manyoya, ambao asili yake ni kwa watu wa Ojibwe wa Amerika Kaskazini, wanaouning'iniza karibu na kitanda cha mtoto ili unase ndoto mbaya. Mimi nikaongeza jicho la kioo la buluu, lile linalouzwa sana Uturuki kama kinga ya husuda. Chini tukaweka chetezo cha ubani. Usiku ilipendeza, sitaficha.

Wenzetu wawili wa jumuiya walipotutembelea walitulaumu. Niliwajibu haraka, kama tunavyojibu sisi tunaosoma masomo ya dini. Nikawaambia kuwa amali huzingatiwa kwa niya, na niya yetu ni pambo. Nikawakumbusha Suratul-A'araf, aya ya 32, ambayo inawakemea wanaoharamisha mapambo aliyowatolea Mwenyezi Mungu waja wake. Nikawauliza kama wanaona mimi ninaabudu kibuyu. Hawakuwa na jibu, wakanywa chai, wakaondoka. Nilijiona nimeshinda.

Kisha akaja Jaja. Hapa Kampala tunawaita hivyo wazee wote wa umri wa bibi zetu. Huyu anakaa ghorofa ya pili, dirisha lake linaangalia roshani yetu kwa upande. Ni Mkristo, anatoka mbali na mjini, na anajua Kiswahili kwa sababu marehemu mume wake alikuwa askari. Jioni moja alinikuta ngazini nimebeba maji, akasimama, akaniuliza taratibu:

"Mwanangu, unaumwa?"

"Hapana Jaja, alhamdulillah, niko salama."

"Basi nani anakusumbua? Nimeona vile vibuyu. Huyo aliyekwambia uvitundike amekudai pesa ngapi?"

Nilicheka, nikamweleza kuwa hakuna mganga, ni mapambo tu. Yeye hakucheka. Akanisimulia habari ya dada yake. Mtoto wa jirani alikufa ghafla kijijini. Watu wakaingia nyumbani kwa dada yake, wakakuta kibuyu chenye mizizi ya dawa ya tumbo, wakasema ushahidi umepatikana. Nyumba ikachomwa usiku ule. Dada yake alinusurika, lakini alifukuzwa na akafia ugenini, na watoto wake mpaka leo hawana shamba.

"Wewe una bahati," Jaja akaniambia. "Wewe ukitundika kibuyu, ni pambo."

Nilipanda ngazi na maji yangu nikiwa sina la kusema. Hoja yangu ya niya ilikuwa bado imesimama kichwani, lakini niliona haikumfikia yule mama hata kidogo. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza ni wapi nilikosea.

Kosa la kwanza nadhani lilikuwa katika kuifahamu niya yenyewe. Hadithi ya niya tunaikuta mwanzo kabisa wa Sahihi ya Bukhari, na sote tunaijua. Lakini niya njema haikifanyi kila kitu kuwa chema. Mfano ulio karibu zaidi na roshani yangu ni pazia la Mama Aisha (R.A.). Bukhari na Muslim wamepokea kwamba alitundika pazia lenye picha nyumbani kwake, na Mtume (S.A.W.) alipoliona akachukizwa na kuliondoa. Hakuna atakayesema Mama Aisha alikuwa na niya mbaya. Alikuwa akipamba nyumba yake. Hata hivyo, kile kitambaa hakikutupwa. Kilikatwa, kikafanywa mto au mito miwili ya kuegemea. Wanazuoni wameeleza sababu kwa namna mbalimbali, na wengi wametazama tofauti ya kitu kinachotukuzwa kwa kutundikwa na kitu kinachokaliwa na kukanyagwa. Kwangu mimi fundisho ni hili: kitu kina maana inayotokana na mahali kilipowekwa na namna kinavyotazamwa, nje ya kile ninachokusudia moyoni.

Alama ni kama neno. Mimi siwezi kuamka leo nikaliita tusi salamu, kisha nikamshangaa jirani akikasirika. Neno ni la wote wanaolitumia. Kibuyu chenye matundu kilichotundikwa ukutani kina maana yake katika nchi zetu, na maana hiyo haikunisubiri mimi na simu yangu.

Hapa kuna jambo la historia. Kwa nini kijana wa Marekani anaweza kujipamba kwa mambo ya uchawi na jirani yake asiogope? Ni kwa sababu hofu ile kwao imepoa, na ilichukua muda mrefu kupoa. Wanahistoria wanakadiria kuwa Ulaya iliwaua watu kati ya 40,000 na 60,000 kwa tuhuma za uchawi katika karne ya 15 hadi ya 18, wengi wao wanawake. Huko Salem, Marekani, mwaka 1692, watu 19 walinyongwa. Leo mji huohuo unapokea watalii wanaonunua kofia za kichawi kama kumbukumbu. Damu ikikaa miaka 300 hukauka, ikawa rangi ya kupakia ukuta.

Kwetu haijakauka. Huko kwetu Burundi, mwaka 2008, watu wenye ualbino waliuawa katika mkoa wa Ruyigi ili viungo vyao viuzwe kwa shughuli za uganga, na Tanzania ilikumbwa na mauaji kama hayo katika miaka hiyohiyo. Mwaka 2021 Baraza la Haki za Binadamu la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio la kulaani madhara yanayotokana na tuhuma za uchawi. Maazimio hayapitishwi kwa mambo yaliyokwisha. Dada yake Jaja hakuwa wa karne ya 17.

Kosa la pili lilikuwa ndani yangu, na ni vigumu kulieleza. Nilisema siamini. Asubuhi ya mtihani wa Usul al-Fiqh upepo ulivuma, lile jicho la buluu likaanguka na kupasuka vipande viwili. Moyo wangu ulishtuka. Nilisimama pale mlangoni na daftari mkononi, nikawaza: leo tena. Ilikuwa ni muda mfupi tu, lakini ulitosha kunionyesha kuwa kitu nilichokiita pambo kilikuwa tayari kimepewa kazi. Mtume (S.A.W.) alikataza kubashiri mikosi, na Imamu Ahmad amepokea kutoka kwa Uqba bin Amir (R.A.) kauli yake kali kuhusu anayetundika hirizi, kwamba ameingia katika shirki. Nilikuwa nimeisoma hadithi hiyo kwa ajili ya mtihani. Sikuwa nimeisoma kwa ajili ya roshani.

Nikakumbuka pia kisa cha Abdullah bin Mas'ud (R.A.) na mkewe, alichokipokea Abu Dawud. Mke alikuwa akisumbuliwa na jicho, akawa anakwenda kusomewa na mtu, na jicho linatulia. Ibn Mas'ud akamwambia kuwa utulivu ule ulikuwa kazi ya shetani, kisha akamfundisha dua ambayo Mtume (S.A.W.) alikuwa akiisoma. Hakumwacha mikono mitupu. Alimwondolea tegemeo moja akampa lililo bora.

Na hapa naomba tusiwacheke wenye vibuyu haraka. Katika vyumba vyetu wengi tumetundika Ayatul Kursi juu ya mlango. Wanazuoni wamehitilafiana kuhusu kutundika Qur'ani kwa ajili ya kinga, na mimi bado mwanafunzi, sitoi fatwa. Ninauliza tu: ni lini mara ya mwisho tuliisoma ile aya iliyo juu ya mlango? Kama tunaitundika ili itufanyie kazi bila sisi kuisoma, bila kuitafakari, wala kuiishi, basi tofauti yetu na mwenye kibuyu ni ndogo kuliko tunavyodhani. Umar (R.A.) alilibusu Jiwe Jeusi huku akisema wazi kuwa analijua ni jiwe, halidhuru wala halinufaishi, na kwamba analibusu kwa kuwa alimwona Mtume akilibusu. Mkono ulifanya na moyo ukajua mipaka yake.

Kuna pingamizi moja lililonisumbua, na msomaji huenda analo. Je, nikiondoa kibuyu kwa sababu jirani anakiogopa, siithibitishi imani yake kwamba kibuyu kina nguvu? Je, tutaishi kwa kufuata hofu za watu?

Nimelifikiria sana. Jibu langu ni kwamba Jaja hakuogopa nguvu za kibuyu changu. Alihofia mambo mawili: kwamba kuna tapeli ananila pesa, na kwamba siku moja mtoto akifa katika jengo letu, watu watanyanyua macho kuitazama roshani yetu. La pili si ushirikina hata kidogo. Ni ujuzi wa mtu aliyeona. Tena tunaye kiongozi katika hili. Usiku mmoja Mtume (S.A.W.) alikuwa akimsindikiza mkewe Safiyya (R.A.), wakapita Maansari wawili na kuharakisha mwendo. Akawaita, akawafahamisha kuwa yule ni Safiyya, kwa kuchelea shetani asitie jambo katika nyoyo zao. Bukhari na Muslim wamekipokea kisa hiki. Hakuna moyo uliotakasika kuliko wake, lakini hakusema kuwa niya yake inatosha. Alijali kinachoingia katika moyo wa anayemtazama.

Kwa hiyo tulifanya hivi. Vibuyu, wavu na vipande vya jicho tuliviondoa. Taa ndogo tumeziacha, na kitambaa cheusi kimekuwa foronya za mito ya kukalia. Mchaichai na mrehani sasa vimepandwa katika makopo, viko hai, tunavikata kwa chai. Ubani tunafukiza kama nyumba zote za Buyenzi zinavyofukiza Ijumaa. Roshani bado inapendeza. Mwenzangu anasema imekuwa ya kawaida mno, na huenda ana haki.

Lakini kuondoa vibuyu ni sehemu ndogo na rahisi. Sehemu ngumu tumeiacha miaka mingi. Sisi wanafunzi wa dini tukirudi nyumbani likizo, husikia kuwa bibi fulani anatuhumiwa, na hunyamaza kwa sababu ni mambo ya wazee. Tunajua kutoa dalili za kuharamisha sihiri. Je, tunajua kusimama mlangoni kwa mwanamke anayetuhumiwa bila ushahidi, na kuwaambia watu kuwa kuchafua jina la muumini au asiye muumini kwa dhana ni dhuluma, na kuchoma nyumba yake ni dhuluma kubwa zaidi? Suratul-Hujurat, aya ya 12, inatutahadharisha na dhana. Sijui kama ningekuwapo usiku ule kijijini ningesema neno.

Jaja sasa anapanda wakati mwingine jioni kunywa chai ya mchaichai nasi. Mara ya kwanza alitazama juu, pale vibuyu vilipokuwa, kisha akaketi. Hakuuliza kitu, nami sikueleza.

Wallahu a'alam.