Jirani Hakuulizwa

Kila Rais wa Kenya anapotaja majina ya mawaziri wake, siku chache baadaye hutoka tangazo la Karani wa Bunge la Kitaifa magazetini. Majina yenyewe huwa watu wameshayajadili mpaka yamechujuka. Mimi hulisoma tangazo. Linasema mtu yeyote mwenye ushahidi wa kumpinga mteule aulete kwa maandishi, chini ya kiapo, kabla ya siku ya mteule huyo kupigwa msasa. Haki hiyo imo katika sheria ya mwaka 2011 ya Bunge kuidhinisha teuzi za umma. Nalisoma kwa mazoea ya kazi. Nimezeekea kwenye ofisi ya wakili hapa Mombasa nikichapa hati za kiapo, nazijua tangu "naapa na kusema kama ifuatavyo" hadi muhuri wa kamishna wa viapo. Na najua kwamba wanaolalamika barazani ni wengi, wanaokuja kuapa ni wachache mno.

Woga upo, sikatai. Nani anataka uhasama na mtu ambaye kesho atakuwa na msafara na walinzi? Lakini nilichokutana nacho mara nyingi zaidi pale ofisini kilikuwa kimevaa kanzu.

Alikuja mzee mmoja wa mtaani kwetu. Kulikuwa na nafasi ya kazi ya umma, si ya waziri, ndogo tu, na mmoja wa waliopendekezwa alikuwa jirani yake wa ukuta kwa ukuta. Mzee alisema jirani huyo aliwahi kushika fedha za kuchimba kisima cha msikiti, kisima hakikuchimbwa, fedha hazikurudi, na yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa waliokwenda kuziulizia. Nikachapa aya ya kwanza, ya pili, ya tatu. Hapo akaniwekea mkono juu ya meza. "Binti yangu, wacha. Nitakutana vipi na Mola wangu nimemvua Muislamu mwenzangu sitara yake?" Akainuka, akaaga, akaenda zake. Karatasi nikaichana. Jirani akapata kazi.

Sikumcheka mzee yule na sitamcheka leo. Kusitiri aibu ya mwenzako ni ibada, na mji kama huu wetu, wenye nyumba zinazopumuliana madirishani, usingekalika siku moja kama kila mtu angesema anachokisikia usiku. Ila mzee alikuwa na mabinti wanne, na posa ilipokuja kwa kila mmoja wao alifanya ambalo kila mzazi wa pwani hufanya: hakujibu. Alituma watu wakaulizie. Mimi mwenyewe niliulizwa kuhusu kijana mmoja, nikasema niliyoyajua, ya kumsifu na ya kumtia doa: kwamba anamheshimu mama yake, na kwamba dukani ana deni la mwaka mzima halipi wala hataki kukumbushwa. Hakuna aliyeniambia, "Mama, unasengenya." Posa ikarudishwa kwa adabu, kahawa ikanywewa.

Kwa nini mkwe achunguzwe na mshika fedha za umma asitiriwe?

Wanazuoni hawakutuacha gizani. Fatima bint Qays, alipomaliza eda, aliposwa na watu wawili, akaenda kumtaka shauri Mtume. Hakujibiwa kwamba wote ni waja wa Mungu, achague atakaye. Aliambiwa wazi kwamba Muawiya ni fukara hana kitu, na kwamba Abu Jahm fimbo haimtoki begani. Akaelekezwa kwa Usama bin Zayd. Imam Nawawi, ambaye Riyadhu Salihina yake inasomwa misikitini hapa kila Ramadhani, alihesabu hali sita ambazo kumsema mtu asiyekuwepo si dhambi, na kuwatahadharisha watu, kama afanyavyo anayetakiwa ushauri, ni mojawapo. Chini ya mlango huo huo akawataja wenye madaraka wasioyafaa: anayelijua hilo anatakiwa amfikishie mwenye mamlaka ya juu yao. Nimewasomea kina mama wa darsa letu maneno hayo. Huitikia kwa vichwa, kisha mmoja huuliza, "Lakini hiyo si siasa?"

Mwezi Oktoba 2022, Kamati ya Uteuzi ikiongozwa na Spika Moses Wetang'ula ilikaa kuwapiga msasa wateule wa Rais William Ruto, mawaziri 22, idadi ya juu kabisa inayoruhusiwa na Katiba. Runinga ilionyesha moja kwa moja. Mpwa wangu alikaa nami sebuleni tangu asubuhi, simu mkononi, akiandika kila kiasi cha mali kilichotajwa. Mithika Linturi, shilingi bilioni 1.2. Profesa Njuguna Ndung'u, milioni 950. Aden Duale, milioni 851. Alipofika hapo akaniuliza, "Shangazi, sasa tumejua nini?"

Tumejua namba. Namba inafaa kitu kimoja tu, kulinganishwa na nyingine siku ya kutoka. Hivyo ndivyo alivyofanya Khalifa Umar bin Khattab: alikuwa akiandikisha mali ya gavana anapomtuma, na akirudi na zaidi ya inavyoelezeka, hunyang'anywa sehemu. Lakini Umar hakuifanya mali kuwa mlango wa kumjua mtu. Imesimuliwa kwamba mtu mmoja alimshuhudia mwenzake kwa uadilifu mbele yake. Umar akamuuliza kama ni jirani yake anayemjua kuingia kwake na kutoka kwake. Hapana. Amesafiri naye? Hapana. Amewahi kufanyiana naye biashara ya dinari na dirhamu? Hapana. Basi Umar akamwambia labda alimwona tu msikitini akiinua na kuinamisha kichwa, na kwamba kumjua hamjui.

Yaangalie maswali yale matatu. Mteule mwenyewe hawezi kujibu hata moja. Ni ya jirani, ya msafiri mwenzake, ya aliyemkopesha. Kule Nairobi kiti cha kuulizwa ni kimoja, na anayekikalia ni yule yule ambaye neno lake halitoshi. Anashika Biblia au Kurani, anaapa, anaeleza alikosoma, alikofanya kazi, anamshukuru Mungu na Rais. Anainua kichwa na kukiinamisha.

Mkaazi wa Mombasa anaweza kulipima hili kwa mtu wake. Hassan Joho alikuwa gavana wetu kwa vipindi viwili, 2013 hadi 2022. Alipofika mbele ya kamati mwezi Agosti 2024, akiwa mteule wa uwaziri, aliulizwa kuhusu masomo yake na mali yake, iliyopita bilioni mbili. Mtaani pia gumzo lilikuwa alama za mtihani wake wa kidato cha nne. Mtu ametawala kaunti yetu miaka tisa, kuna maelfu waliofanya naye kazi, waliouziana na serikali yake, waliolipwa kwa wakati na kama wapo wasiolipwa nao wanajulikana; na sisi tunabishana juu ya karatasi ya mtihani aliyoifanya akiwa kijana! Sisemi kwamba mashahidi wangemwangusha. Huenda wangemsifu, na sifa ya aliyekaa na mtu ni dhahabu kuliko cheti.

Kuna hatari upande wa pili, na kisa chake ni cha Umar huyo huyo. Watu wa mji wa Kufa walimshtaki gavana wao, Saad bin Abi Waqqas, hata wakafika kudai kwamba hajui kuswali vizuri. Umar akatuma watu Kufa wakaulizie msikiti baada ya msikiti. Kila walipoulizia walisikia kheri, mpaka msikiti wa Banu Abs, ambako mtu mmoja alisimama akasema Saad haendi na jeshi, hagawi sawa, hahukumu kwa uadilifu. Saad akamwombea dua mbaya: kama ni mwongo aliyesimama kwa kujionyesha, Mungu amrefushie umri na ufukara wake na amtie katika fitina. Mpokezi wa kisa anasema alimwona mtu huyo baadaye, kikongwe, nyusi zimemwangukia machoni, akisumbua wasichana njiani.

Nakipenda kisa hiki kwa sababu hakijafungwa vizuri. Saad alisafishika, na bado Umar alikuwa amemwondoa Kufa. Alipokuwa anakufa, akaacha neno kwamba hakumwondoa kwa udhaifu wala kwa khiyana. Kwa hiyo mtu anaweza kukosa cheo bila kuwa na hatia, na heshima yake ikabaki mahali pake. Sisi hatujui kufanya hivyo. Kwetu mteule akikataliwa amevunjiwa ukoo, ndiyo maana karibu hakataliwi mtu.

Karibu, nimesema. Mwaka 2015 wabunge walimkataa Monica Juma asiwe Katibu wa Baraza la Mawaziri, baada ya yeye kuandika barua kulalamikia ziara zao ofisini kwake. Mwaka 2022 kamati ilimkataa Peninah Malonza wa Utalii, ikisema hakuonyesha kuifahamu wizara, kisha Bunge zima likampitisha. Mwaka 2024 kamati ikamkataa Stella Soi Lang'at wa Jinsia kwa sababu za namna hiyo hiyo, na safari hii Bunge likakubali. Wanawake watatu. Wanaume wote wa nchi hii, mashaallah, wanazifahamu wizara zao.

Nabii Yusufu yumo katika mjadala huu, maana ndiye mteule ninayemfikiria kila msimu wa msasa unapofika. Mfalme wa Misri alimtumia mjumbe atoke gerezani, naye akakataa kutoka. Akamrudisha mjumbe: kwanza muulize mfalme habari za wale wanawake waliojikata mikono. Wanawake wakaitwa, wakaulizwa, mke wa mheshimiwa akakiri mwenyewe. Hapo ndipo Yusufu akatoka, na hapo ndipo akasema apewe hazina za nchi, kwa kuwa yeye ni mlinzi mjuzi. Utaratibu wake ni kesi kwanza, cheo baadaye, na mashahidi ni wale waliokuwapo. Mwaka 2022, katika majuma yale yale ya uteuzi, upande wa mashtaka uliomba kuziondoa mahakamani kesi za baadhi ya wateule. Pengine kesi hizo hazikuwa na msingi. Mtu hana hatia mpaka mahakama iseme. Lakini kesi iliyoondolewa haimsafishi mshtakiwa wala haimtii hatiani. Yusufu angeikataa hiyo, na angeikataa kwa ajili ya heshima yake mwenyewe.

Gumu kuliko yote kwangu ni toba. Marekani mwaka 1989, Rais mpya George Bush alimteua John Tower kuwa waziri wa ulinzi. Tower alikuwa amekaa Seneti zaidi ya miaka ishirini. Waliomhoji walikuwa jirani zake hasa. Na aliyesimama kueleza habari za ulevi wake alikuwa Paul Weyrich, mtu wa mrengo wake mwenyewe. Tower akaahidi kwamba akiidhinishwa hatagusa pombe. Seneti ikamkataa kwa kura 53 dhidi ya 47. Januari 2025, kwa wizara ile ile, Pete Hegseth alizikana tuhuma za kulewa, akaahidi vilevile, na akapita kwa kura ya Makamu wa Rais baada ya maseneta kufungana 50 kwa 50. Ahadi moja, majibu mawili.

Mungu hupokea toba kabla roho haijafika kooni. Je, Bunge nalo linalazimika kuipokea? Katika madhehebu yetu ya Shafii, ambayo pwani hii imeyafuata kwa karne nyingi, fasiki aliyetubu ushahidi wake hukubaliwa, lakini si siku ile ile. Wengi wa mafakihi walisema aangaliwe mwaka mzima, misimu minne impitie, ijulikane kama toba yake inastahimili joto na baridi. Hukumu hii haina ukatili ndani yake. Haimwambii mtu Mungu hajamsamehe. Inamwambia sisi hatujaona bado. Ahadi inayotolewa mlangoni mwa cheo, na kwa sharti la kupewa cheo, haijaonja hata kaskazi moja.

Nasi Julai 11, 2024, baada ya vijana kujaa barabarani, Rais Ruto alilivunja baraza lake karibu lote. Agosti 8 mawaziri wapya waliapishwa, na miongoni mwao wamo waliokuwa wamefutwa. Hakuna aliyetajwa kosa lake, wala kutubu hakukuhitajika. Kamati ikawauliza tena mali zao. Mwezi haukutimia.

Kilichobaki ni kifungu ambacho wengi hawakijui, cha 9 cha sheria ile ya 2011: muda ukipita na Bunge halijamkubali wala halijamkataa mteule, atahesabiwa ameidhinishwa. Kimya ni idhini. Mpwa wangu aliposikia alidhani namtania. Imam Shafii ndiye aliyenasibishiwa kanuni kwamba asiyesema hasingiziwi neno. Ila mafakihi wakatoa hapo jambo moja, la bikira anayeposwa: yeye akiulizwa akanyamaza, kimya chake kinatosha, kwa kuwa haya humzuia. Aliyekwisha kuolewa hana udhuru huo. Huyo lazima atamke kwa ulimi wake.

Na sisi Wakenya, tangu Katiba ya 2010, tumeposwa na mabaraza mangapi? Tumeshaolewa, tumeachwa, tumerejewa ndani ya siku ishirini na nane. Kifungu cha 9 bado kinatuhesabu bikira.