Moto wa Kisiwani

UJUMBE WA JUMAPILI

Andiko kuu: Matendo ya Mitume 28:1-10
Maandiko ya kusoma nyumbani: Yeremia 29:4-7, Matendo 27:33-44, Mathayo 7:1-5



Wapendwa, kwa neema ya Bwana tumefika tena kwenye neno la wiki. Ujumbe huu ni wa nyumba zote, kwa sababu hapa Zombe sijui kama kuna boma ambalo halina mtu Mombasa. Kama si mtoto ni mume, kama si mume ni shangazi au binamu. Mvua ikikosa msimu mmoja tunavumilia. Ikikosa wa pili na ndengu zikauke zikiwa na maua, kijana anafunga begi, anapanda gari la Kitui, anashika barabara ya Kibwezi, na kesho yake anapiga simu: "Mama, nimefika salama. Huku kuna joto, lakini nimefika."

Basi leo tunauliza maswali mawili. Mtu wa Mungu akifika kisiwani, anaishi vipi? Na sisi tuliobaki, tunamsema vipi?

Paulo alifika kisiwani

Paulo hakupanga kwenda Malta. Alikuwa mfungwa, anapelekwa Roma kusikilizwa kesi yake mbele ya Kaisari. Meli ilipigwa na dhoruba, siku kumi na nne watu hawakula chakula cha maana, na mwishowe meli ikavunjika karibu na nchi kavu. Walikuwa watu 276. Wengine waliogelea, wengine walishika mbao, na wote wakafika pwani wakiwa hai. Hakuna hata mmoja aliyekuja na begi. Ninyi mlioanza maisha Mombasa kwa godoro la kulala chini mnajua hali hiyo.

Sasa angalieni wenyeji walifanya nini. Mvua inanyesha, baridi inauma, nao wakawasha moto na kuwakaribisha wote. Luka anasema ukarimu wao haukuwa wa kawaida. Na neno la Kiyunani ambalo Luka anatumia kuwataja watu hao ni lile ambalo Wayunani walimwita mtu yeyote asiyejua lugha yao, neno la kumshusha mtu. Lakini hao walioitwa hivyo ndio waliowasha moto. Amina?

Maoni ya haraka

Paulo akakusanya mzigo wa kuni, akautia motoni, na nyoka akatoka kwa sababu ya joto akamshika mkono. Wenyeji wakasema papo hapo: huyu lazima ni muuaji, ameponea bahari lakini haki haimwachi. Wakangoja avimbe au aanguke. Wakangoja sana. Walipoona hana dhara lolote wakabadilisha, wakasema huyu ni mungu.

Hebu tazama. Mtu ni yule yule, siku ni ile ile. Asubuhi muuaji, baadaye mungu. Na maoni yote mawili yalikuwa makosa! Hakuna aliyemwuliza, "Ndugu, wewe ni nani, na umetoka wapi?"

Wapendwa, hiyo ndiyo shida ya maoni ya haraka, na tunayo pande zote mbili za barabara ya Mombasa.

Kijana wetu akikaa wiki mbili tu huko, tayari ana hukumu. "Watu wa Pwani ni wavivu, mchana wanafunga maduka wanalala." Ndugu, umewahi kusimama Mji wa Kale saa saba mchana, jua la bahari likiwa juu na upepo umekatika? Na hapa kwetu Zombe, saa saba jua likiwaka, wewe huwa wapi? Si uko chini ya mti? Ukiwa wewe unaita akili, akiwa yeye unaita uvivu. Duka hilo lililofungwa mchana, jioni linafunguliwa na linauza mpaka usiku, wakati wewe umeshalala.

Mwingine anasema, "Huko ni majini matupu." Paka akipita usiku, ni jini. Kodi ikipotea, ni jini. Sisi tuliookoka tunajua aliye ndani yetu ni mkuu kuliko aliye katika dunia. Hatukanushi kwamba kuna nguvu za giza, lakini usimbebeshe shetani pesa uliyokula wewe mwenyewe.

Na huko kisiwani nao wana hukumu yao. Wengine wakisikia unatoka Ukambani wanasema, "Mkamba huyo, angalia asije akakuroga." Unaumia, sivyo? Sasa ukiumia hivyo, jua kwamba jirani yako wa Majengo naye anaumia ukimwita mvivu au mtu wa majini. Kipimo tunachopimia wenzetu ndicho tutakachopimiwa. Hilo limesemwa na Yesu mwenyewe, Mathayo 7.

Nyoka alitoka kwenye kuni

Angalia jambo lingine. Paulo alikuwa mtume, tena ametoka majini amechoka. Angeweza kukaa tu aote moto uliowashwa na wengine. Lakini aliinama akaokota kuni. Ukifika ugenini, shika kazi iliyo mbele yako. Kama ni kibarua cha bandarini Kilindini, kama ni kuchonga vinyago na Wakamba wenzetu kule Changamwe, kama ni kuuza maji kwa mkokoteni, fanya kwa mikono miwili.

Na hayo maji yatufundishe kitu. Kijana anatoka Zombe, ambako mama yake anachimba mchanga wa mto kutafuta maji na kubebesha punda mitungi. Anajiambia, naenda mahali pamezungukwa na maji. Anafika, anakuta visima vingi vya kisiwani vina chumvi, na maji ya kunywa ananunua kwa mtungi! Mengi ya maji matamu yanayofika Mombasa yanasafirishwa kwa mabomba kutoka mbali, mengine kutoka chemchemi za Mzima, ambazo zinalishwa na mvua inayonyesha kwenye vilima vya Chyulu, hapo upande wa Makueni. Kumbe bahari yote ile haimalizi kiu. Mahali papya hapawezi kuwa mwokozi wako. Shida ya nyumbani utaikuta huko imevaa nguo nyingine, na Mungu wa nyumbani utamkuta huko hajabadilika.

Halafu nyoka. Hakutoka baharini, alitoka kwenye kuni, kwenye kazi nzuri ambayo Paulo alikuwa anawafanyia wengine. Wengi wenu mmeumwa hivyo. Umefanya kazi mwezi mzima na mwajiri hakulipi. Umemkaribisha rafiki chumbani kwako na ameondoka na simu yako. Paulo alifanya nini? Alimkung'utia nyoka motoni. Hakumfuga. Hakuanza kusema, "Watu wa kisiwa hiki wote ni nyoka." Uchungu ukiufuga, utakuuma kila siku. Dai haki yako kwa njia iliyo sawa, peleka shauri mahali panapofaa, lakini uchungu wenyewe kung'uta motoni. Mwambie jirani yako: kung'uta!

Injili ilipita barabara hiyo hiyo

Sasa kuna wapendwa wanaofikiri mtu akienda Mombasa imani imekwisha. Wananiambia, "Mtumishi, huko ni misikiti kila kona, mtoto atapotea." Nawajibu kwa historia yetu wenyewe.

Zamani, kabla ya reli, wazee wa Ukambani walitembea kwa miguu kwenda Pwani na pembe za ndovu, na wengine walikaa karibu na Rabai. Mwaka 1844 mmisionari Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa. Naye alikuwa mgeni kisiwani. Miezi michache tu baada ya kufika, mke wake Rosine alikufa kwa homa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Aliwazika ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara. Mtu mwingine angepanda meli arudi kwao. Yeye alibaki, akajifunza Kiswahili, akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Na mmoja wa waliomsaidia katika lugha ni nani? Kadhi wa Mombasa, mtu wa Kiislamu! Kila mmoja alibaki na imani yake, lakini waliketi pamoja juu ya maneno.

Ni kwa njia ya misafara hiyo Krapf alikutana na Kivoi, mfanyabiashara mkubwa wa Kitui, na mwaka 1849 akafika mpaka hapa kwetu Kitui. Unaona? Barabara unayoiogopa kwamba itamla mtoto wako ndiyo barabara iliyoleta habari za Yesu Ukambani. Injili ilipanda kutoka kisiwani.

Kwa hivyo, kijana, jirani Mwislamu akikuletea mahamri na mbaazi asubuhi, pokea kwa mikono miwili useme ahsante. Akifunga Ramadhani, usimlie chakula mbele ya macho yake kama mtu asiye na adabu. Adhana ikikuamsha alfajiri, usinung'unike, wewe pia amka uombe! Tena aibu ni yetu kama yeye anaamka na sisi tunavuta shuka. Kuheshimu jirani si kukana imani. Paulo alikaa kwa mkuu wa kisiwa, Publio, siku tatu, akala chakula chake. Na baba wa Publio alipokuwa mgonjwa wa homa na kuhara damu, Paulo hakusema, "Hawa si wa imani yangu." Aliingia, akaomba, akaweka mikono, na Mungu akamponya. Walioletwa baadaye nao wakaponywa. Huo ndio ushuhuda: umepewa moto, nawe toa maombi.

Neno kwa walioenda

Yeremia aliwaandikia watu waliochukuliwa mbali na kwao. Hakuwaambia wakae juu ya mabegi. Aliwaambia wajenge, walime, waoe, na wauombee mema mji ule, kwa kuwa mji ukipata amani, wao pia watapata amani. Kwa hivyo wewe unayevuka feri ya Likoni kila asubuhi, ombea feri. Ombea bandari. Ombea gavana na ombea makuli.

Tafuta kanisa mwezi wa kwanza, usingoje wa sita. Na waambie watu wa nyumbani ukweli. Kama kazi haijapatikana, sema haijapatikana. Usipige picha mbele ya nyumba ya mwenyewe, ukamtumia mama, halafu uzime simu miaka mitatu kwa sababu unaona aibu. Mama anataka kusikia sauti. Hata kama huna shilingi, piga.

Neno kwa tuliobaki

Na sisi wazazi, tusikilize, kwa maana hapa ndipo panauma. Kijana akipiga simu, swali la kwanza tunauliza ni gani? "Umetuma?" Akituma, ni malaika. Mwezi asipotuma, amepotea, ameolewa na mji, ametusahau. Sasa sisi na wale wa Malta tuna tofauti gani? Asubuhi mungu, jioni muuaji, na mtu ni yule yule.

Wako vijana wanaozima simu si kwa sababu wana kiburi, ni kwa sababu wamechoka kuhukumiwa. Wengine wanashindwa kurudi hata kwa mazishi, kwa sababu wataulizwa wameleta nini. Na akirudi msichana amefunga leso kwa namna ya Pwani na Kiswahili chake kimelainika, kanisa zima linageuka kumwangalia, ati amebadilika. Mwulize kwanza, "Mwanangu, umekula? Umelala salama? Unaomba na nani huko?" Ukiuliza hayo matatu kabla ya kuuliza pesa, utasikia mambo ambayo hujawahi kuambiwa.

Na kama Mungu amemleta mgeni hapa kwetu, mwalimu au daktari kutoka Pwani amepangiwa kazi katika vumbi letu, je, nani amemwashia moto? Au tumekaa tukingoja avimbe?

Mambo ya kushika wiki hii

1. Kabla ya kusema "watu wa mahali fulani ni...", taja jina la mtu mmoja wa huko unayemjua vizuri. Kama huna, nyamaza.
2. Pigia simu mmoja wa jamaa aliye mbali, na usiombe chochote.
3. Wewe uliye mbali, fanyia jirani yako jambo moja jema, na umwombee kwa jina.
4. Vikundi vya nyumbani, jadilini: ni nyoka gani tumemfuga badala ya kumkung'uta?

Tuombe

Baba, tunakushukuru kwa watoto wetu walio kisiwani na kila mahali. Wale waliozima simu, wape ujasiri wa kuziwasha. Wale wanaodhulumiwa, watetee. Majirani waliowapokea, uwabariki na nyumba zao. Na sisi, tuondolee midomo ya haraka, utupe mikono ya kuokota kuni. Katika jina la Yesu Kristo, Amina.