Muulizeni Aya



Wapendwa wa Kitale na Bungoma, nawaandikia moyo ukiniuma. Tongaren, hapa hapa Bungoma, mtu amejitangaza kuwa Yesu. Mwaka 2023 polisi walimshika, mahakama ikamwachilia, na wafuasi wake hawakumwacha. Kule Chemororoch, Uasin Gishu, Jehovah Wanyonyi aliitwa Mungu hadi alipofariki mwaka 2015, na wapo waliokataa katakata kwamba amekufa. Kisha msitu wa Shakahola, walikokufa wafuasi wa mhubiri mmoja kwa kufunga. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa humo, ya watoto wengi ikiwemo. Watu hao walikwenda kumtafuta Bwana!

Ndugu zangu, kipimo cha kuwapima watu kama hao tunacho: Maandiko yana pumzi ya Mungu. Paulo alimwandikia hivyo Timotheo, waraka wa pili, sura ya tatu. Mtasema, kitabu chochote chaweza kujitukuza. Kweli. Basi tazameni Biblia inavyowatendea watu wake yenyewe. Daudi, mfalme aliyependwa na Mungu, imemwanika na mke wa Uria, na ile barua ya kumuua Uria haikufichwa. Musa alizuiwa kuingia nchi ya ahadi. Petro alimkana Bwana mbele ya kijakazi, na Injili zote nne zinalisema jambo hilo bila kulipunguza. Nabii wa kujitungia angeandika hayo juu ya wakubwa wake? Mwanadamu akijiandikia hujipamba. Kitabu hiki kinamvua kila mtu mapambo, kikambakiza Kristo peke yake bila doa.

Na Kristo huyo alitangazwa mapema. Mwaka 1947 wachungaji wa Kibedui walikuta magombo pangoni Qumran, karibu na Bahari ya Chumvi. Mojawapo ni la Isaya, lililonakiliwa kama miaka 100 kabla ya Yesu kuzaliwa. Sura ya 53 imo: mtumishi anayebeba adhabu ya wengine bila kujitetea. Hakuna Mkristo aliyeichomeka humo baada ya msalaba!

Kubwa zaidi kwangu ni jangwani. Mwana wa Mungu, akiwa na njaa, Ibilisi mbele yake, angeweza kunena neno jipya. Hakunena. Mara tatu alijibu kwa maneno ya Kumbukumbu la Torati. Ikiwa Yesu aliyaegemea Maandiko, ni nani wa Tongaren, au mhubiri gani wa stendi ya Kitale, aliyeyapita?

Watu wa Beroya walimpima hata Paulo kwa Maandiko, na Luka akawasifu. Wewe mama unayeuza sukuma Chwele, wewe kijana wa boda Kanduyi, wewe mkulima wa Trans Nzoia uliyeuza mahindi kisha ukaambiwa pesa hizo uzipande madhabahuni ndipo mtoto apone: muulize mhubiri ni sura gani, aya gani. Fungua mwenyewe. Soma na iliyotangulia, soma na inayofuata. Nipimeni na mimi hivyo hivyo. Lakini yule anayekasirika akiulizwa aya, tokeni kwake leo, na watoto wenu mtoke nao.