Deni la Mwenye Kuuliza

Salamu ya Kiswahili ina adabu kubwa, na ndani ya adabu hiyo imo hatari. Mtu huulizwa hujambo, naye hujibu sijambo, hata kama usiku kucha hakupata usingizi. Kwa mgonjwa wa saratani jibu hilo huweza kuwa pazia. Maumivu, hofu ya kufa, aibu ya harufu ya kidonda, na wasiwasi juu ya watoto watakaobaki, yote hukaa nyuma ya neno moja. Methali husema kuwa mficha maradhi kifo humuumbua. Ni kweli, walakini methali hiyo humlaumu mfichaji peke yake. Haisemi lolote juu ya jamaa na tabibu ambao hawakuuliza.

Siku hizi swali limepata mjumbe mpya. Jumuiya ya Tiba Shufaa ya Afrika ina kipimo cha maswali 10, 7 ya mgonjwa na 3 ya jamaa anayemwuguza. Mgonjwa huulizwa juu ya maumivu na wasiwasi wake, kama ameweza kumweleza mtu yaliyo moyoni, kama maisha yana thamani, na kama ana amani. Hujibu kwa tarakimu kutoka 0 hata 5. Katika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road, Dar es Salaam, kipimo hicho kilitiwa katika programu ya simu, ikajaribiwa kwa kulinganishwa na njia ya kumpigia mgonjwa na kumsikiliza. Habari za jaribio hilo zilichapishwa mwaka 2021.

Faida yake huonekana upesi mtu akifikiri juu ya umbali. Litumbandyosi ni kata ya wilaya ya Mbinga, mkoani Ruvuma. Mgonjwa wa huko anayepelekwa Ocean Road hana budi kufika Songea kwanza, na kutoka Songea mpaka pwani ni zaidi ya kilometa 900. Tiba ya mionzi ikiisha hurudi kwao, na aliyemtibu hubaki kando ya bahari. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Nani wa Dar es Salaam atajua usiku wa Litumbandyosi ulivyopita, asipouliza?

Iko faida nyingine, nayo ni ya staha. Saratani ya mlango wa kizazi ndiyo iliyo nyingi kuliko zote kwa wanawake wa Tanzania. Bibi mtu mzima hawezi kwa wepesi kumweleza kijana wa umri wa mjukuu wake habari ya maji yanayomtoka. Simu haina macho ya kumwonea haya. Lakini si kila bibi aliye na simu yake. Akiazima ya mwanawe, na mwana huyo akamsomea swali kwa sauti, bibi atajibu sijambo kama alivyozoea, mara hii kwa tarakimu: sifuri. Mashine itaipokea sifuri hiyo kwa uaminifu, na uwongo wa upole utageuka kuwa hesabu.

Wapo wasemao kuwa aliyelala asiamshwe. Ya nini kumwuliza mtu maumivu yake ikiwa zahanati haina dawa ya kuyatuliza? Hoja hii ina uzito. Swali humfanya mgonjwa atumaini, na tumaini lililoamshwa kisha likaachwa huuma kuliko kimya. Mwaka 2017 ilitangazwa Marekani habari ya wagonjwa 766 wa saratani. Walioeleza dalili zao kwa njia ya kompyuta waliishi kwa wastani wa kati miezi 31.2, na waliohudumiwa kwa desturi miezi 26.0. Tarakimu hazikuwaponya. Dalili ilipozidi, muuguzi alipata habari, akachukua hatua. Muuguzi akiondolewa hapo, hubaki daftari la vilio.

Walakini kutouliza si kutokuwa na hatia. Anayenyamaza ili asidaiwe amekwisha kukimbia deni. Ahadi ni deni, na swali kwa mgonjwa ni ahadi: mwenye kuuliza amesema kimya kimya kuwa jibu litamhusu. Mdaiwa mwenye heshima, asipoweza kulipa lote, haukani mkopo. Huja na sehemu, akaeleza iliyobaki. Jibu la 5 katika maumivu linataka mofini, na Uganda ilionyesha njia mwaka 2004 kwa sheria iliyowaruhusu wauguzi waliofunzwa tiba shufaa kuiandika. Jibu la mtu asiye na wa kumweleza yaliyo moyoni halihitaji bohari ya dawa. Linataka kigoda na mtu asiye na haraka.

Hivyo anayepeleka maswali Litumbandyosi na ayahesabu kama mkopo aliouchukua kwa wagonjwa. Kabla ya kuuliza, ajue ni nani atakayesoma jibu, kwa saa ngapi, na atakwenda na nini mkononi. Asiyeyajua hayo hajawa tayari kuuliza. Na aliye tayari hana udhuru wa kuridhika na sijambo.