Hasara Iliyotangulia

Siku chache baada ya mazishi ya Albert Ojwang, aliyefia mikononi mwa polisi, Julai 2025, nilikuwa kwenye kibanda cha chai hapa Kosele. Kijana wa bodaboda alikuwa anafoka juu ya kifo kile. Mzee mmoja, macho yakiwa bado kikombeni, akamwambia: "Wuoda," yaani mwanangu, "hasira hasara." Watu wakaitikia kwa vichwa, maongezi yakafa. Nilitoka pale tumbo likiwaka.

Hasira ni nini, kamusi zimeshasema. Kwamba moto wa kituo cha polisi cha Mawego, vijana walipolipeleka jeneza la Ojwang huko, ungeweza kumuunguza asiyehusika, ni kweli, na siutetei. Kwamba hasira hukosea mtu, kweli pia, yangu imeshanidanganya.

Lakini methali ile! Nguvu yake yote ni sauti mbili kufanana. Na hesabu yake huanzia katikati. Ojwang, mwalimu wa miaka 31, alikamatwa nyumbani kwao huku Homa Bay tarehe 7 Juni kwa madai ya alichoandika mtandaoni. Kesho yake alikuwa maiti Nairobi. Hasara ilitangulia, hasira ikafuata nyuma ikiuliza. Polisi walisema alijigonga kichwa kwenye ukuta wa seli. Mtu mtulivu angemeza hayo na chai yake. Upasuaji ukaonyesha majeraha ya kichwa, shingo iliyokabwa, mwili uliopigwa. Hasira haikuyajua hayo. Ilikataa tu kuondoka mlangoni kabla daktari hajasema.

Tena angalia methali hiyo huambiwa nani. Mke huambiwa, kibarua huambiwa, kijana wa bodaboda huambiwa. Sijasikia askari mwenye rungu akiambiwa. Wengine huilainisha: tulia kwanza, useme baadaye. Nimewahi kutii. Nilipotulia, aliyenikosea alishasahau, na mimi nikaonekana mchokozi.

Wazee wetu Wajaluo hawakuwa na haraka hiyo ya kutuliza. Mzee akifa kulikuwa na tero buru: wanaume hushika mikuki na ngao, hutanguliza ng'ombe, hutoka kwa kelele na pembe mpaka nje ya kijiji kupigana na kifo, kisha hurudi bomani wakiimba. Kila mmoja alijua kifo hakichomeki mkuki. Walienda hata hivyo. Napenda hasa vile vumbi walilotimua lilivyohesabiwa kuwa sehemu ya heshima, na ng'ombe nao wakashirikishwa ugomvi usiowahusu. Hasira ilipewa njia na mahali pa kugeukia. Je, jeneza lile lililofikishwa Mawego lilikuwa likifuata njia hiyo, au liliipoteza? Nimelifikiria mara nyingi, na kila mara jibu hubadilika.

Mzee wa kibandani, kwa umri wake, nadhani aliwahi kubeba mkuki siku kama hiyo. Nilitaka kurudi nimwulize. Nilijua tu kwamba ningefoka.